Fundi Punguza na Mstari wa Tarehe Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya magari ya hospitali yetu, Fundi Mkuu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Aliingia akiwa mwosha magari, akawa msaidizi wa fundi wa magurudumu, akawa fundi wa injini, hatimaye akawa Fundi Mkuu. Katika muda huo hospitali imebadilisha waganga wakuu saba, rangi ya kuta mara nne, na mlango wa karakana mara moja, baada ya dereva mmoja kurudi nyuma bila kutazama. Fundi Mkuu hakubadilika, isipokuwa miwani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mwanagenzi wa karakana, mwenye miezi mitano kazini. Katibu wa jarida aliniambia, "Wewe binti si umesoma kwa lugha mbili? Basi andika kwa moja." Sikuweza kukataa, kwa sababu kukataa kunahitaji kuongea. Nawaomba radhi mapema wasomaji: humu mna habari njema nyingi na habari moja isiyo njema, na hiyo moja inanihusu mimi kuliko mstaafu. Nimeona bora niseme sasa, watu wasifike katikati wakadhani wamekosea ukurasa.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Punguza. Jina hilo limetokana na kazi. Magari yetu mengi ni ya zamani, tumeyapokea yakiwa yameshafanya kazi kwa watu wengine, na injini ya zamani hubeba vitu ambavyo havitumiki tena. Kiyoyozi kimekufa mwaka wa kwanza, pampu ya kulainisha usukani imevuja mpaka ikakauka, lakini mkanda bado unazungusha puli zake, yale magurudumu madogo ya chuma, kutwa nzima. "Hiki kimekufa lakini bado kinakula," Fundi husema, akigonga kompresa ya kiyoyozi kwa spana. Kisha hulegeza bolti ya kukazia, huchomoa mkanda, na kuukata kwa kisu hapohapo ili asije mtu mwingine akaurudisha kwa kudhani umesahauliwa. Mkewe anasema banda lao la kuku lina bawaba sita za vipande vya mikanda hiyo, zote zimewahi kuzungusha viyoyozi vya hospitali.

Tabia hiyo haikuishia kwenye injini. Mwaka fulani aliomba ajenda ya "Mengineyo" iondolewe kwenye kikao cha idara, na kikao kikaisha dakika arobaini kabla ya muda, jambo ambalo liliwachanganya waleta chai. Aliondoa pia kiti cha tatu ofisini kwake, kwa hoja kwamba aliyekuwa akikikalia ni Afisa Usafirishaji peke yake, tena mara mbili kwa mwaka. Afisa Usafirishaji tangu siku hiyo husimama. Hajalalamika kwa maandishi.

Lakini asije mtu akafikiri anaondoa ovyo. Fundi ana utaratibu wake, na hajawahi kuuruka. Kabla ya kukata mkanda wowote, huchukua chaki na kuweka alama kwenye kila puli. Kisha huzungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, polepole, akiangalia alama ipi inakwenda na mkanda upi. Hutumia muda wa kutosha mtu mwingine kunywa chai na kurudi. Fundi wa breki, ambaye amekaa naye benchi moja miaka kumi na minne, humtania, "Bwana, hiyo injini unaifundisha kuandika?" Fundi humjibu kwamba injini inajua, asiyejua ni anayeitengeneza.

Matunda ya utaratibu huo ndiyo haya: kwa miaka thelathini na mmoja hakuna gari lililotoka mkononi mwake likarudi kwa kamba. Dada yetu muuguzi wa kliniki za nje, ambaye kila wiki hubeba chanjo na mizani ya watoto mpaka vituo vya mbali, anasema, "Gari la Punguza halina raha. Joto linakuua, usukani unakuvunja mabega. Lakini unafika."

Kwa sababu hiyo Afisa Usafirishaji alipanga mambo mawili ya kumuaga. La kwanza ni ngao ya shaba yenye maneno "Miaka 31, hakuna gari lililorudi kwa kamba." La pili ni mkataba wa kuwafundisha wanagenzi asubuhi mbili kila wiki baada ya kustaafu. Kuhusu ngao Fundi alisema "sawa." Kuhusu mkataba hakusema kitu. Ila mkewe ametuambia kwamba mwisho wa juma lile mzee alikaa mezani na daftari la hesabu la mjukuu wao, akachora puli kurasa kumi na moja, mjukuu akaenda shule na daftari la mwaka jana.

Sasa nafika tarehe tisa.

Siku hiyo gari la kliniki za nje liliingia karakana. Lina miaka ishirini na sita, na injini yake imelala kwa upande, imebanwa na ubavu wa boneti kiasi kwamba mkono unaingia lakini macho yanabaki nje. Lilikuwa na mikanda mitatu: wa kiyoyozi kilichokufa, wa pampu ya usukani iliyokauka, na wa pampu ya maji pamoja na altaneta. Miwili ya kwanza ilikuwa ya kuondolewa. Wa tatu ndio uhai wa gari, maana pampu ya maji isipozunguka injini inachemka, na altaneta isipozunguka betri inakwisha. Tulipofungua tu boneti, Fundi akaitwa utawala kupigwa picha. Ni picha hiyo mnayoiona juu ya ukurasa huu. Akafuta mikono, akaniambia, "Ngoja nirudi."

Sikungoja. Nilikuwa na kitabu cha mtengenezaji wa gari, kimeandikwa kwa ile lugha yangu ya pili, na karakana nzima anayekisoma ni mimi. Kwa miezi mitano hicho ndicho kitu pekee nilichowazidi. Mchoro ulionyesha mkanda wa pampu ya maji uko ndani kabisa, nami nikahesabu kwamba miwili ya nje ni ya vile visivyotumika. Nikaona kazi imeshamalizwa na kitabu, kilichobaki ni mikono. Nikaondoa miwili ya nje. Nikaikata kwa kisu, kama anavyofanya yeye. Chaki sikuigusa.

Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kinazungumzia gari lilivyotoka kiwandani, na gari letu lilitoka kiwandani bila kiyoyozi. Aliyekuwa nalo kabla yetu alikiongeza, na mkanda wake akauingiza ndani kabisa, ule wa maji akausogeza nje. Alama moja ya chaki ingeniambia. Fundi wa breki naye angeniambia, alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, anakula karanga. Lakini ili nimuulize ilinibidi nipaze sauti, na watu wangegeuka. Nilifunga boneti. Injini ikawaka vizuri. Taa ya chaji haikuonya kitu kwa kuwa balbu yake iliungua zamani. Dereva alikuwa na haraka, chanjo ziko kwenye barafu, akaondoka.

Alifika kilomita tatu. Mshale wa joto ulipopanda, alikuwa na akili ya kuzima injini, na kwa hilo tunamshukuru, maana angeendelea tungekuwa tunaaga na injini pia. Dada muuguzi alihamishia chanjo kwenye gari la wagonjwa na kliniki ikafanyika, saa moja baadaye kuliko kawaida. Gari la kliniki likarudi likivutwa na lori la taka, kwa kamba ya buluu, likapita mbele ya utawala, mbele ya mapokezi, mbele ya jiko. Wafanyakazi wote walitoka nje. Fundi wa breki akasema, "Haya, leo Punguza kapunguza maji." Watu wakacheka. Fundi alikuwa amesharudi kutoka kupigwa picha, bado ana shati safi.

Alifungua boneti, akainama, akaingiza mkono. Kisha akaingia ofisini, akafungua kitabu cha kazi, akaandika kwa mkono wake: "Tarehe 9. Gari la kliniki. Mkanda wa pampu ya maji umeondolewa kimakosa. Gari limerudi kwa kamba." Akatia saini yake.

Nilimfuata mpaka mlangoni nikasema, "Fundi, ni mimi."

"Najua."

"Lakini umeandika…"

"Nenda stoo, chukua mkanda mpya. Na chaki iko kwenye kopo."

Alinisimamia nikaufunga. Hakunikaripia, na hilo lilinikaa vibaya zaidi. Nilijua sababu yake, kwa kuwa karakana nzima inaijua: majaribio yangu ya kazi yanaisha tarehe thelathini, siku ileile anayostaafu, na mwanagenzi mwenye kosa la aina hii hapewi barua ya ajira. Yeye alikuwa na siku ishirini na moja za kubaki. Mimi nilikuwa sijaanza.

Yaliyofuata mliyaona. Maneno kwenye ngao yalifutwa kwa msasa. Mkataba wa kufundisha ukasimamishwa, na sababu ikatajwa kwa upole kuwa ni umri. Kwenye foleni ya chakula nilisikia watu wakisema macho ya mzee yamechoka, na wengine wakasema heri anaondoka sasa. Nilikuwa nyuma yao na sahani yangu. Nilikula, nikaosha sahani, nikarudi kazini, na nilifanya hivyo siku kumi na tatu mfululizo.

Tarehe ishirini na mbili nilikwenda kwa Afisa Usafirishaji na barua. Niliiandika kwa lugha zote mbili, upande mmoja hii na upande wa pili ile, ili asije akasema hakuelewa. Aliisoma pande zote, akauliza kwa nini imejirudia. Kisha akauliza, "Unajua majaribio yako yanaisha lini?" Nikasema najua. Akamwita Fundi.

"Mzee, kwa nini uliandika uongo kwenye kitabu cha kazi?"

"Uongo uko wapi? Nimeandika mkanda umeondolewa kimakosa. Sikuandika nani kauondoa. Saini ni ya mkuu wa karakana, na mkuu wa karakana ni mimi."

"Sasa mbona hukumtaja?"

"Ungeniuliza ningekujibu. Hukuniuliza. Uliuliza umri wangu."

Afisa akakunja barua yangu. Halafu akaamua yafuatayo, na ameniruhusu niyatangaze. Mstari wa Fundi ubaki ulivyo, na chini yake niandike wangu kwa mkono wangu, nimeshauandika. Mkataba wa kufundisha umerudishwa na unaanza Jumanne ijayo saa mbili asubuhi. Maneno ya ngao yamechongwa upya, ila kwa upande wa nyuma, kwa kuwa mbele pameshakwaruzwa, hivyo watakaomtembelea nyumbani waigeuze. Na mimi sikupewa barua ya ajira. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio chini ya darasa lake. Fundi aliposikia hilo alisema miezi mitatu ni michache, waweke sita. Wameweka sita.

Fundi, kwa niaba ya karakana, madereva, wauguzi wa kliniki za nje na wote waliowahi kufika mahali kwa sababu yako, asante. Asante kwa joto na kwa mabega. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, kuku wanaotaga, na mjukuu apate daftari jipya. Mungu akuweke.

Na kwa wale wote niliowasikia kwenye foleni: kwa miaka thelathini na mmoja hakuna gari lililotoka mkononi mwa Fundi Mkuu likarudi kwa kamba. Lile la tarehe tisa lilitoka mkononi mwangu.