Alikwenda Kubadili Dini, Akaambiwa Avue Viatu

Marehemu baba yetu, fundi viatu ambaye wengi mlimwita Gundi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, kifungua mimba wa mwinjilisti. Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la saba. Katekisimu aliikariri yote; hesabu zilimshinda.

Mwaka 1970 alifungua kibanda chini ya ngazi za soko, mahali pembamba hata mteja mnene alisubiri nje. Hapo ndipo alipofanyia kazi maisha yake yote.

Mwaka 1978 alimpenda mama yetu, mshona mapazia, binti wa familia ya Wabudha. Kwao baba walitaka mama asimame kanisani atamke imani. Mama alikataa kutamka asichokiamini. Basi baba akaamua kubadili yeye. Alivaa suti, akachukua mashahidi wawili, akaenda hekaluni na kusoma maneno ya kukiri aliyoyatunga mwenyewe. Mtawa mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza? Haya, vua viatu, ukae."

"Nikae tu? Na kuamini je?"

"Kaa kwanza, ujionee mwenyewe. Kwani kanisani kwenu nani kakufukuza?"

Baba alirudi na dini yake ileile, suti imekunjamana magotini. Walifunga ndoa kwa msajili tarehe 2 Septemba. Tangu hapo, Jumapili asubuhi aliimba besi kanisani. Jioni alikaa kimya hekaluni na mama, kisha akatangulia mlangoni kugongea soli viatu vya waliobaki ndani. Wapo waliotoka wakadhani wameibiwa, kumbe vyao vimetengenezwa.

Jambo hili lilimkera baba mdogo, ambaye ni mchungaji.

"Kaka, kwetu mtu anaamua. Huwezi kupanda magari mawili!"

"Mimi nakwenda kwa miguu, mchungaji."

Sisi tulicheka, baba mdogo hakucheka. Aliogopa kweli kwamba hatamwona kaka yake mbinguni, na kwa hofu hiyo akaacha kuja kwetu kwa miaka mingi. Ilimuuma baba kuliko alivyosema.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alipolazwa Februari 2023, baba mdogo alikuja mbio.

"Kaka, nakuomba, tamka tu kwamba unaamini."

"Naamini, mdogo wangu. Sijawahi kuacha. Kule nilijifunza kunyamaza, basi."

Baba mdogo alilia kwa sauti. Baba akamtazama miguuni.

"Visigino vimelika upande mmoja. Vua, ukae."

Alivua. Akakaa kando ya mama pasipo kuhubiri, jambo ambalo ukoo huu haujawahi kulishuhudia. Baba alifariki mchana wa tarehe 18, mkono mmoja umeshikwa na mama, wa pili na mdogo wake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye leo ataomba, kisha atakaa kimya nasi kama mama alivyomwomba. Amekubali mwenyewe.

Baba, kazi imekwisha. Vua viatu, upumzike kwa amani.