Mwalimu Filimbi na Mtoto Aliyezidi Kwenye Hesabu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Filimbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba fundi wa mabehewa na mama mshona nguo. Wa pili, na wa mwisho, ni huyu anayewasomea. Tangu utotoni alipenda uhakika. Akitumwa kiberiti alikifungua palepale dukani na kuhesabu njiti, hadi mwenye duka akawa anamwona kwa mbali anajifanya anafunga.

Alianza shule ya msingi ya kanisa mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, na kumaliza chuo cha ualimu Novemba 1983. Alifaulu masomo yote isipokuwa michezo, ambako alipata alama ambazo familia imekubaliana tusizitaje.

Mwaka 1984 kanisa letu lilipata barua kutoka ng'ambo. Kambi ya Kikristo ya watoto, kando ya ziwa, iliomba kijana mmoja wa kujitolea kuwa mlezi wakati wa likizo ya kiangazi. Akachaguliwa yeye, akaondoka tarehe 11 Juni. Mlezi alilala chumba kimoja na watoto wake, akawaongoza katika sala, nyimbo na kuogelea. Sasa tusidanganyane, maji mengi zaidi aliyowahi kuingia dada yetu yalikuwa ya beseni. Mkuu wa kambi, mama mrefu asiye na maneno mengi, akampa filimbi na kumsimamisha kwenye gati la mbao. Kila baada ya dakika kumi alipuliza, watoto wakashikana wawili wawili na kuinua mikono, naye akahesabu. Wake walikuwa wasichana wanane. Jozi nne.

Tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, jua likiwaka, alihesabu jozi nne na mkono mmoja peke yake. Msichana wa miaka kama saba, mwenye nguo ya kuogelea ya njano, alisimama maji yakimfika kifuani, mkono juu, hana mwenzake. Akarudia. Tisa. Walipotoka majini walikuwa wanane. Ikawa hivyo kila siku. Mara moja tu yule mtoto alisogea hadi chini ya gati, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, na mimi umenihesabu?"

"Nimekuhesabu, mama," akamjibu. Marehemu alisema hakuogopa, kwa sababu aliyeuliza ni mtoto, na mtoto akiuliza hujibiwa.

Siku ya kufunga kambi, tarehe 18 Agosti, mkuu wa kambi alisoma orodha ndani ya basi. Wanane. Marehemu akasema, "Kuna mmoja amebaki." Yule mama akamwonyesha karatasi. Dada yetu alikuwa mgeni, tena wa miaka ishirini na mitatu tu. Akaiamini karatasi kuliko macho yake, akakaa. Basi lilipokata kona alimwona yule mtoto ukingoni mwa gati, miguu majini, anawatazama. Hakupunga mkono. Jambo hilo lilimtafuna miaka thelathini na tisa: kwamba alimwambia mtoto amemhesabu, kisha akamwacha. Aliiandikia kambi kuuliza. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Katika mwaka wako hakupotea mtoto yeyote." Tuliisoma barua hiyo nyumbani, mama akaikunja na kusema jirani asionyeshwe.

Alianza kufundisha Januari 1985, na hadi anastaafu mwaka 2020 hakuamini daftari la mahudhurio. Alipita akigusa vichwa. Mwaka 1996, wakirudi kutoka ziara ya shule, alizuia basi dakika arobaini. Orodha ilikuwa na watoto arobaini, yeye kapata arobaini na mmoja.

"Mwalimu, wakizidi si baraka?" dereva akamtania. "Kasheshe ni wakipungua."

"Basi hesabu wewe."

Dereva akaenda mpaka kiti cha nyuma, akarudi polepole, akakaa kwenye usukani, akawasha gari. Aliwafikisha salama, na hakukubali tena kazi ya shule ile. Yupo hapa leo. Ukimuuliza, atakuuliza habari za nyumbani.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Fundi Saa, wakajaliwa watoto wawili. Shemeji yetu alimpenda sana, lakini habari za ziwa hakuzitaka. "Mambo ya nchi za watu waachie wenyewe," alikuwa akisema, huku ameinamia saa ya mteja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Aprili mwaka 2023 alilazwa. Akamwambia mdogo wake, huyu anayewasomea, "Kwenye wasifu mtawataja watu wangu. Na yule mumtaje." Mdogo wake alikasirika, akamjibu asimchoshe na hayo, na maneno hayo anayajutia mpaka sasa. Kesho yake mchana muuguzi alimwita pembeni, ana ufagio wa kukaushia sakafu mkononi. "Mama, yule mtoto mnayekuja naye, mkausheni kwanza. Anadondosha maji toka kitandani mpaka mlangoni, mtu atateleza." Wodi ile watoto hawaruhusiwi. Hatukuwa tumekuja na mtoto.

Aliaga dunia tarehe 6 Mei 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Wasifu huu ulipopelekwa kwa mchungaji, aliomba mstari mmoja ufutwe. Mtoto asiye na jina, alisema, hawezi kuchapishwa kwenye ratiba ya maziko. Fundi Saa ndiye aliyemjibu. "Mke wangu amehesabu watoto miaka thelathini na mitano, hajakosea hata siku moja. Muandike."

Wanaobaki kumlilia ni mumewe, binti yake na mwanawe wa kiume, wajukuu watano, mdogo wake, na msichana mmoja wa miaka kama saba, ambaye wazazi wake hatuwafahamu.

Mungu ampe dada yetu pumziko alilolikosa. Nanyi mnapopanda magari hapo nje, msiwe na haraka. Hesabuni kwanza. Mkiona mmezidi mmoja, msimshushe.