Jumatatu ya Seremala

Jumatatu asubuhi dunia ilikuwa palepale. Benchi la nje ya kibanda changu cha kinyozi lilikuwa na mguu mbovu uleule, birika la kahawa likifuka, pikipiki zikipigiana honi. Nilikuwa nanyoa huku mlango uko wazi, nikiwasikiliza wawili wangu wa kila siku: Redio, ambaye hazimiki, na Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje. Mara akatokea Seremala, jirani yetu. Kundi lake la dini lilikuwa limetangaza kwamba dunia ingeisha Jumapili jua likizama, wakapanda kilimani kuusubiri mwisho. Sasa alikaa pembeni, macho mekundu, shuka jeupe bado liko begani.

— Shikamoo mzee, akasema Redio. Naona umerudi.

— Marahaba.

— Na ule mwisho?

— Umeahirishwa. Kiongozi katueleza, maombi yetu yamepokelewa.

— Kwa hiyo nyinyi ndio mmetuokoa?

— Na hata asante hamna!

Wakili akaweka kikombe chini.

— Kisheria mko salama. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nyinyi hamjakubali, basi hamjashindwa.

— Mimi nasema dunia imeisha kweli, akadakia Redio. Jana ileile. Hii ni nyingine, tumehamishiwa usingizini.

— Mbona benchi bado bovu? nikauliza kutoka ndani.

— Wamehamisha kila kitu kilivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji!

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia tu, wewe nyoa.

— Hilo la kuhamishwa, akasema Seremala taratibu, hata kiongozi kaligusia.

— Au mwisho ulifika, akasema Wakili, ukatukuta tunavyoishi, ukaona kazi imeshafanyika.

Tulikuwa bado tunacheka alipokuja binti yake Seremala, kandambili miguuni, simu kaifunika kwa kiganja.

— Shikamooni. Baba, ulimkataza mchumba wangu kuja kujitambulisha. Ulisema ndoa ya nini na dunia inaisha. Akaenda zake kutafuta kazi mbali. Huyu hapa, yuko hewani. Anauliza aje, au asubiri kwanza tarehe nyingine? Nimjibu nini?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikazima mashine, mteja wangu kichwa nusu.

— Haloo? Haloo? ikasema simu.

Binti hakulia. Alimnyooshea baba yake simu. Seremala akaipokea simu kama mtu aliyepewa kaa la moto.

— Mwanangu... huko mmeamkaje?

— Salama, mzee. Shikamoo.

— Marahaba.

Akamwangalia bintiye.

— Njoo, akasema.

Binti akashusha pumzi. Seremala akainua macho, akaliangalia jua, kisha akaisogeza simu karibu na mdomo.

— Ila usichelewe.