Posa ya Kiti cha Ubunge

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Ami Mitab, mkuu wa ukoo wetu wa Rubaysat. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Karak na Amman. Na nyinyi shangazi zangu, ambao leo mmekalia mito ya baraza hii badala ya kutegea sikio jikoni: asalaam aleikum. Nina furaha ya kutaka kucheza, kwa hiyo nikiyumba msidhani ni maringo ya ubunge.

Nani hapa hajui kwamba ukoo wetu ni mdogo, na kwamba kila uchaguzi koo kubwa zilitumeza bila kutafuna? Ndipo wazee wetu wakagundua kwamba kiti kilichotengewa wanawake hupatikana hata kwa kura chache. Loo, mabinti tulivyopendwa ghafla! Mimi, niliyezoea kuishia mlangoni hapa na sinia ya chai mkononi, nikaletewa ujumbe wa wazee waliovaa majoho kama wanaokuja kuposa.

Desturi mnaijua. Ami Mitab akakiweka kikombe chake cha kahawa chini bila kukionja: hanywi mpaka apewe alichojia. Baba ndiye aliyepaswa kunijibia. Akasema, "Muulizeni mwenyewe."

Nikaambiwa nigombee mara hii tu, bungeni niseme watakayoniagiza wazee, kisha nimpishe Fawwaz, mwana wa Ami. Nikaketi nikikitazama kile kikombe. Kondoo juu ya wali akaganda mafuta, maana kabla ya kahawa hakuna anayekula, na matumbo ya waheshimiwa yakaanza kuhutubia.

"Mwanangu, sema basi," Ami akanisihi, "kahawa inapoa."

"Acha ipoe, Ami. Wanawake wa ukoo waingie barazani, nao wapige kura nani agombee. Na huyo atakayekwenda bungeni, ulimi wake ni wake."

"Na wakimchagua mwingine?"

"Nitampigia debe."

Njaa haina ubishi, wakakubali. Wanawake wakanichagua mimi, na kiti tukakipata.

Ami, nakushukuru kwa dhati. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiwaomba wanaume wenzako wamchague mwanamke, ukachekwa, hukurudi nyuma. Kwa heshima hiyo nakujibu hadharani ombi ulilorudia asubuhi hii. Fawwaz simpishi. Uchaguzi ujao nagombea kiti cha wazi, nikutane naye hukohuko. Hiki cha wanawake atakigombea Sabha, binti yako, aliyenituma nikuambie kwa kuwa yeye anakuogopa. Yule pale nyuma, amejifunika uso kwa kicheko.

Kwa kunisikiliza mpaka hapa, hata wewe Ami, asanteni sana.