Viatu vya Chifu Vasser

Norfolk hii, mji wa kambi ya wanamaji wa Marekani, hakuna anayezijua manowari za kubeba ndege kama mimi. Miaka thelathini nimefua sare za mabaharia wake, ila sijapanda hata moja. Basini, kiti cha mbele yangu, Chifu Vasser, mstaafu wa jeshi la majini (chifu ndicho kilikuwa cheo chake), alikuwa amemng'ang'ania baharia kijana asiyemjua, jina lake Oralia.

"Eti siku hizi ndege mnazirusha kwa umeme? Sisi tulizirusha kwa mvuke, binti. Sitaha nzima inatetemeka!"

"Mvuke umestaafu, mzee, kama wewe."

Mzee alicheka muda mrefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Nadhani tangu asubuhi hakuwa amesemeshwa na mtu.

"Wenzako walikuagaje?" binti akauliza.

"Kwa desturi yetu! Walivipaka viatu vyangu jina na tarehe ya kustaafu, wakavirusha baharini kwa mtambo wangu mwenyewe wa kurushia ndege. Watu wote sitahani, makofi mpaka basi."

Basi likasimama langoni mwa kambi. Oralia akainama kuokota kofia yake, akachelewa kuinuka. Nami nikachungulia. Kwenye visigino vya viatu alivyovaa Chifu, kwa rangi nyeupe iliyofifia: Vasser, na tarehe.

"Chifu," akasema taratibu, "na hivi ni vya nani?"

Mzee akavuta miguu chini ya kiti.