Chuo Nilichokichagua kwa Swali Moja

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine hamjambo. Nimeombwa nisimtaje mtu jina, nami sitamtaja. Ila kujitaja mwenyewe mtaniruhusu, maana kutoka Mombo hadi Handeni simjui mwingine mwenye stashahada ya kupima usikivu. Mkisema najisifu, semeni. Nimeitolea jasho.

Baba yangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mpaka masikio yakafa kwa kelele zake. Tulipohamia kijiji cha ujamaa huku Handeni, chuma kikigongwa cha kuwaita watu shamba la pamoja, yeye hakusikia. Wakamwita mkaidi. Mkutano ukampa adhabu ya kupalilia peke yake. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati hapohapo. Nikaapa nitasomea masikio, nirudi na ushahidi.

Nikapata nafasi ng'ambo, vyuo viwili nichague. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilichagua kwa picha: kile chenye ghorofa nyingi. Huko tulipimia watu kwenye vyumba visivyopitisha sauti, kwa mashine za umeme. Nikamwuliza mwalimu, kwetu umeme haupo, nitapimaje? Akasema, "Basi usubiri umeme." Wenzangu wakacheka. Nikavunjika moyo, nikaanguka mtihani, nikarudishwa.

Nyumbani vijana wa kijiji walinipokea hivi:

"Dada, Ulaya umeleta nini?"

"Koti."

"Sasa mzee asikie kwa koti?"

Mwaka mzima nilifagia zahanati nimeinamisha kichwa, baba yuko juani anapalilia adhabu yake.

Siku moja nikachoka kuinama. Nikaviandikia vyuo vitatu swali moja: mtanifundisha kupima mahali pasipo umeme wala chumba cha kimya? Kimoja kikaniletea kijitabu cha picha. Kingine hakikujibu. Kutoka cha tatu, mama mmoja mwalimu akaniandikia kwa mkono: huko kwenu kuna nini? Nikamjibu: betri za redio, na mkonge mpaka tumechoka nao. Akaandika tena: marobota ya mkonge yanameza sauti, njoo.

Chuo chenyewe kidogo, hakuna aliyekisikia. Ofisa wa kutia sahihi ruhusa ya masomo akakataa. "Ndugu, umeshapoteza nafasi moja ya taifa."

"Hiyo niliyoipoteza ndiyo iliyonifundisha kuchagua," nikamwambia. "Nitakaa kwenye benchi lako mpaka utie sahihi, mzee."

Nilikaa siku tisa. Akatia.

Nikarudi na stashahada na mashine ya betri. Marobota niliyaomba Korogwe, nikayapanga kuta zote za stoo ya zahanati. Wa kwanza kuingia akawa baba. Mchoro wa kipimo cha masikio yake nikaupeleka mkutanoni, nikaubandika mbele ya wale wale waliomhukumu.

Mwenyekiti akautazama sana. "Kwa hiyo miaka yote hii alikuwa hasikii?"

"Alikuwa hasikii. Na ninyi hamkuuliza."

Adhabu ikafutwa pale pale. Baba hakusikia uamuzi. Nilimfuata shambani, nikamtoa jembe mkononi, akaelewa.

Namshukuru yule mwalimu. Nawashukuru wapakiaji waliobeba marobota, na mama yangu, aliyekuwa akimsaidia baba kupalilia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mnaopeleka watoto kusoma, msihesabu ghorofa za chuo. Kiulizeni elimu yake itafanya kazi gani mlangoni kwenu. Kikikosa jibu, kiacheni, hata kama kinasifiwa na dunia nzima.

Kesho asubuhi stoo iko wazi. Nileteeni wakaidi wenu.