Mama Chupa na Maji ya Kisima Namba Tatu

Ndugu waombolezaji, familia imeomba historia hii isomwe bila kupunguzwa makali, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda karatasi iliyopunguzwa.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Chupa kwa sababu ya chupa za sampuli zilizokuwa hazitoki kwenye mkoba wake, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi wa reli na mama mshonaji. Alikuwa mtoto wa kuuliza, tena wa kung'ang'ania jibu, hata mama yetu alikuwa akimwambia akaulize ukuta ili yeye amalize kushona.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ufundi alikopata cheti cha fundi maabara mwaka 1987. Tarehe 2 Februari 1988 aliajiriwa katika mtambo wa kusafisha maji wa mji huu, katika chumba chenye mabeseni mawili, jokofu la sampuli na dirisha linalotazama matangi, na kila asubuhi alipima tope, klorini, uchachu na vijidudu, kisha akaweka sahihi chini ya maneno yanayosema maji ni salama kwa matumizi ya binadamu, na sahihi hiyo aliiweka kwa moyo mweupe miaka ishirini na minane.

Tarehe 21 Disemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, askari wa zimamoto, aliyekuja mtamboni kujaza maji kwenye gari akasahau kuondoka. Walijaliwa watoto watatu, binti yao wa kwanza mwaka 1993, na wa kiume wawili, 1996 na 2001.

Kila Alhamisi kikosi cha shemeji kilifanya mazoezi kwenye uwanja ulio juu kidogo ya visima vya mtambo, wakiwasha mafuta na kuyazima kwa povu jeupe, na siku za familia watoto waliachiwa wacheze ndani ya povu hilo mpaka masikioni, dada yetu akicheka pembeni, ameshika ndala zao. Waliouza povu walisema halina madhara, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha.

Mwezi Mei 2016 alipelekwa semina, na huko mkufunzi akaeleza habari za kemikali za viwandani zisizooza, zisizoisha hata maji yakichemka siku nzima, zinazopenya mchanga wa chujio, zikaingia kwenye samaki, kwenye mayai, na kwenye damu ya mtu zikakaa miaka, akataja zinakopatikana, vikaango visivyoshika chakula, vitambaa visivyopitisha maji, na aina fulani za povu la zimamoto. Dada yetu alisema hakusikia kilichofuata.

Alirudi nyumbani akamkuta shemeji anakula, akamuuliza, "Lile povu lenu lina nini?"

"Sabuni tu, mama watoto."

"Niletee karatasi iliyobandikwa kwenye pipa lake."

"Unataka nifukuzwe kazi?"

Kwa miezi mitatu nyumba ile ilipoa, wakawa wanazungumza kupitia kwa watoto, mwambieni baba yenu chakula kipo, mwambieni mama yenu nimeshiba. Kisha Alhamisi moja shemeji alirudi na karatasi aliyoibandua kwenye pipa kwa mikono yake, akaiweka mezani, akasema, "Imo humo. Na watoto niliwaingiza mimi mwenyewe." Alilia, na dada yetu akamshika mkono, akamwambia, "Hukuambiwa. Mimi pia sikuambiwa, na nilikuwa nasaini." Shemeji mwenyewe ndiye aliyetaka haya yasomwe leo.

Kwa msaada wa mwalimu mmoja wa kemia, sampuli za visima vyote vinne zilipelekwa maabara ya mbali, iliyochukua karibu miaka miwili kupatikana, na majibu yalifika tarehe 20 Agosti 2018, yakionyesha kwamba kisima namba tatu, kilicho karibu zaidi na uwanja, kilikuwa na kemikali hizo mara nyingi kupita kiasi kinachoruhusiwa na nchi zilizokwisha kuweka viwango. Alipoyapeleka kwenye ofisi ya mtambo, ofisi ilimjibu kwa barua ya mistari miwili, kwamba kwa kuwa hapa kiwango hakijawekwa, hakuna kiwango kilichovukwa.

Jumatatu tarehe 3 Septemba 2018 alikataa kusaini. "Andikeni kwamba maji yamepimwa vitu vinne tu, nitasaini sasa hivi," alimwambia meneja, na meneja akamjibu, "Mama, usituletee taharuki mjini." Wiki hiyohiyo alihamishiwa stoo, kugawa mabomba na glavu. Aliwaandikia wakubwa barua kumi na moja, akapata majibu mawili, moja likisema barua yake imepokelewa, la pili likimwomba aitume upya kwa kuwa haionekani.

Nyumbani alihamia maji ya mvua, akapita mlango kwa mlango kuwaeleza majirani, wengine wakamsikiliza, wengine wakamkwepa, na wifi yake akamtania, "Hata chai yangu utaitia kwenye chupa?" Alicheka, lakini chai hakuinywa.

Novemba 2021 alianza kuumwa ubavu, na tarehe 12 Januari 2022 akagundulika kuwa na saratani ya figo, akapasuliwa mwezi Machi, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Alimuuliza daktari kama ni yale maji, na daktari akamwambia, "Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana, na damu yako hatuna pa kuipimia." Alimheshimu kwa kusema kweli, ila alitoka mle ndani amekunja uso, akamwambia binti yake, "Hata mimi sina kiwango."

Februari mwaka huu wa 2024 kisima namba tatu kilifungwa, shemeji akampeleka kwa gari akaone, naye akasoma bango lililoandikwa Matengenezo, neno moja tu, akauliza, "Basi?" Shemeji akasema, "Basi." Hakutaka kushuka garini.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tisa alasiri, wodini, mumewe na binti yake wakiwa kando yake. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali kusema hajui, tunawashukuru majirani mliobeba ndoo za maji ya mvua mpaka hapa msibani, na wafanyakazi wenzake wa mtamboni mliokuja ingawa wengine hamkupewa ruhusa. Ofisi imeleta shada la maua, tumelipokea kwa adabu, ingawa kilichoombwa ni majibu, na visima vitatu vilivyobaki vinatoa maji asubuhi hii, na hakuna aliyevipima tena kemikali zile tangu mwaka ule wa 2018.

Dada, umefanya uliyoyaweza, na hasira yako ilikuwa ya haki. Ipumzishe sasa, nawe upumzike, kwa amani.